Kuandikia gazeti la udaku ukiwa Arusha: kazi yenyewe ikoje?

Swali: "Nina miaka 24, nina stashahada ya uandishi wa habari na ninaishi Sakina, Arusha. Gazeti moja la udaku la Dar es Salaam linatafuta mtu wa kuwaletea habari za mastaa kutoka Arusha na Moshi. Malipo ni kwa stori inayotoka. Mama hataki kabisa, anasema nitakuwa mbea wa mji. Naomba kuelezwa kazi hii inakwendaje, habari zinapatikanaje, na nitajilindaje nisije nikaburuzwa mahakamani."

Jibu:

Mdogo wangu, mama yako ana hoja, na usiipuuze. Umbea na udaku vinaanzia mahali pamoja: mtu kamwona mtu, akamwambia mtu. Vinaachana pale mwandishi anapotoka kwenda kuhakikisha, kisha anampigia simu yule anayesemwa na kumsikiliza. Asiyefanya hivyo, hata akining'iniza kitambulisho shingoni, ni mbea anayelipwa. Na kwa Arusha kuna jambo la pili ambalo wenzako wa Dar hawalisikii sana makali yake: mji ni mdogo. Uliyemwandika Ijumaa utakutana naye Jumamosi soko la Kilombero, na aliyekunong'oneza habari atajulikana kabla gazeti halijafika mezani. Ukilielewa hilo la pili, mengi mengine ya kazi hii utayaelewa.

Nianze na mwendo wa wiki. Magazeti ya udaku mengi ni ya wiki. Kurasa za ndani hufungwa siku moja au mbili kabla, ukurasa wa mbele hufungwa mwisho. Yanachapwa Dar, ndipo yanasafiri kuja huku. Maana yake ni kwamba habari unayoipata Jumapili usiku itasomwa na mtu wa Ngarenaro siku kadhaa baadaye, wakati Instagram imeshaitafuna na kuitema. Kwa hiyo ukituma kile kilichokwisha kusemwa mtandaoni, mhariri ataitupa na hutalipwa. Stori inayonunuliwa ni ile yenye kitu ambacho mtandao hauna: sauti ya mhusika mwenyewe, karatasi ya ofisi, au picha uliyoipiga wewe ukijua siku na saa yake.

Ijumaa hadi Jumapili usiku uko nje: maonyesho, harusi, kumbi, uwanja wa Sheikh Amri Abeid kukiwa na tamasha. Jumatatu hulali sana, unapanga ulichookota na kupiga simu. Jumanne na Jumatano ni za kuthibitisha. Siku ya kufunga kurasa unakaa karibu na simu kwa sababu dawati litakuuliza maswali, na swali litakalokuja saa 5 usiku ni lile ambalo hukulijibu kwenye daftari. Mwaka nao una misimu yake. Desemba ndiyo mavuno: Wachagga wanarudi nyumbani, na pamoja nao wasanii, watangazaji na wanamitindo wenye asili ya Machame, Marangu, Kibosho na Rombo. Hapo Moshi inakuwa na mastaa wengi kuliko waandishi. Mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi kuna Kilimanjaro Marathon pale Moshi. Kati ya Machi na Mei, mvua zikikaza, ni ukame wa habari, na ndipo waandishi wengi huanza kutunga. Jiwekee akiba ya stori mbili tatu zisizochacha, kwa mfano historia ya msanii wa zamani wa hip-hop ya Arusha na anachofanya leo. Mji uliotoa X Plastaz na Weusi hauwezi kukosa stori ya namna hiyo.

Sasa vyanzo. Kwenye magazeti haya utasikia neno "mnyetishaji", yaani mtu anayekutonya habari. Wanyetishaji wazuri si mastaa, ni watu wanaowahudumia mastaa: msusi, mpamba maharusi, mwoka keki, mshereheshaji, mpiga picha, DJ, mlinzi wa geti, dereva wa teksi, bodaboda wa kijiweni. Kwa harusi, mwoka keki na mshereheshaji wanajua tarehe miezi kabla, kwa sababu lazima walipwe kianzio. Halafu inakuja kamati ya harusi na kundi lake la WhatsApp la michango, na hapo siri imekwisha. Lakini uthibitisho mzuri uko wazi kabisa na hauhitaji kumchoma mtu yeyote. Makanisani, Katoliki na KKKT, ndoa hutangazwa Jumapili tatu. Kaa ibadani, sikiliza, andika. Kwa ndoa ya kiserikali, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya angalau siku 21, na taarifa hiyo hutangazwa. Mwandishi anayesema "kwa mujibu wa tangazo la ndoa lililosomwa kanisani Jumapili" analala usingizi. Anayesema "chanzo chetu ndani ya kamati" kawaweka watu kumi na watano kwenye mashaka, na kesho watamchunguza kila mmoja wao.

Tuichukue meseji moja, ya aina utakayoipokea kila wiki:

"Dada, yule msanii kaachika. Mumewe kahamia Moshi. Juzi alikuwa analia saluni mpaka huruma."

Mwandishi mgeni anaruka na kuanza kuandika. Wewe chukua daftari uigawe. Meseji hiyo ina madai matatu, na kila moja lina njia yake.

La kwanza, kaachika. Kisheria hapa kwetu ndoa haivunjwi na hasira wala na mume kufungasha mabegi. Inavunjwa na mahakama, na kwa kawaida shauri halifiki huko bila kupitia baraza la usuluhishi wa ndoa, liwe la kata au la kidini. Kwa hiyo kuna hatua nne tofauti ambazo mtaani zote zinaitwa "kuachana": wamegombana, wanaishi mbali mbali, wamefikishana barazani, wametalikiana. Kila neno lina ushahidi wake. "Wametalikiana" unaliandika ukiwa umeona hukumu au namba ya shauri, basi. Nenda masjala ya mahakama, muulize karani kwa majina yao ya kwenye vyeti, si majina ya jukwaani. Hapa ndipo wengi wanakwama: msanii mtaani ni jina moja, mahakamani ni jingine, na kuna watu watatu wenye jina hilo. Linganisha majina yake yote matatu na mtaa anaoishi kabla hujasema ni yeye.

Na chunga neno "hawara" au "mchepuko". Sheria ya Ndoa, kifungu cha 160, inaweka dhana ya ndoa kwa mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka 2 au zaidi wakijulikana na jamii kama mke na mume. Unaweza ukamwita mtu hawara kumbe mbele ya hakimu ni mke.

La pili, mume kahamia Moshi. Hili linaonekana kwa macho. Amepanga wapi? Tangu lini? Yawezekana ana kazi ya miezi mitatu huko, au anamuuguza mzazi. Kutoka Arusha hadi Moshi ni kilomita 80 hivi, watu wanakwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Gari lake kuonekana Moshi siku mbili si kuhama. Unahitaji watu wawili wasiojuana, na kila mmoja awe ameona kwa macho yake. Hapa kuna mtego: msusi, mdogo wake na rafiki yake wakikwambia kitu kimoja, huna vyanzo vitatu, una kimoja kilichopita midomo mitatu. Muulize kila mmoja, "Wewe ulimwona, au uliambiwa? Uliambiwa na nani?" Ukiuliza hivyo mara mbili, habari nyingi zinarudi kwa mtu mmoja.

La tatu, alikuwa analia saluni. Hili ndilo tamu kuliko yote, ndilo mhariri atakalolitaka kwenye kichwa cha habari, na ndilo la kuacha. Saluni ile siku ile ilikuwa na wasusi wangapi? Wawili, na mteja mwingine mmoja chini ya drya. Ukiandika machozi ya saluni, msanii atajua kwa dakika moja nani kasema. Msusi atapoteza mteja, pengine na kiti chake cha kazi, na mji mzima wa wasusi utajua kuwa ukizungumza na wewe unafukuzwa. Umepata stori moja, umepoteza vyanzo ishirini.

Nikae hapa kidogo, maana ndipo penye uzito wa kazi yako. Kumficha mnyetishaji si kuandika tu "aliyeomba hifadhi ya jina lake". Jina ni kitu kidogo. Kinachomtaja mtu ni saa, mahali, cheo na namna yake ya kusema. Ukiandika "mhudumu wa hoteli moja iliyopo Sekei aliyekuwa zamu Jumanne usiku", umemtaja. Ondoa zamu, ondoa siku, ondoa hoteli. Ukiona stori imebaki haina mwili, maana yake haikuwa stori bado, ilikuwa neno la mtu mmoja. Usinukuu maneno yake yalivyo kama ana msemo wake. Watu wanajuana kwa misemo. Usimhifadhi kwenye simu kwa jina lake na kazi yake. Futa meseji za makubaliano lakini andika kiini chake kwenye daftari kwa alama unayoijua wewe. Na usimtumie "hela ya vocha" kwa simu: muamala unabaki na majina yenu yote mawili yaliyosajiliwa, na siku simu yake ikishikwa na mtu, ushahidi ni huo. Isitoshe, ukianza kulipa, wataanza kukutengenezea habari. Mnunulie chai, mletee gazeti, mpelekee msiba wake rambirambi kama binadamu. Vinatosha.

Kuna njia nyingine inayofanya kazi vizuri kwenye mji mdogo: acha siku zipite. Jambo ulilolijua Jumanne na likaonwa na watu wanne, baada ya wiki mbili limeshajulikana na watu arobaini, na hapo hakuna awezaye kunyooshewa kidole. Utasema Instagram itakutangulia. Itakutangulia kwenye uvumi. Wewe utakuja na namba ya shauri na kauli ya mhusika.

Picha nazo zina mambo yake. Ukitumiwa picha kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, programu inaibana na kuifuta taarifa zake za ndani, yaani siku, saa na kamera iliyotumika. Mwombe aliyepiga aitume kama faili, hapo taarifa hubaki. Jina kama IMG-20250714-WA0006 halikuambii picha ilipigwa lini. Linakuambia siku ilipopita WhatsApp. Picha ya mwaka juzi ikitumwa leo itavaa tarehe ya leo. Angalia basi vitu visivyodanganya. Mijakaranda ya Arusha huchanua zambarau kuelekea Oktoba na Novemba. Picha "ya Julai" yenye maua hayo nyuma si ya Julai. Julai mjini ni baridi. Mtu wa kanzu nyepesi saa 3 usiku kwenye kibaraza cha wazi, na wahudumu nyuma yake wako mikono mifupi, muulize vizuri aliyekutumia. Angalia bango la tangazo nyuma, angalia mtindo wa nywele za msanii na ulinganishe na picha zake nyingine za wiki hiyo.

Magari ni chakula cha kila siku cha magazeti haya: "Staa avuta ndinga mpya." Kabla hujaandika "kanunua", tazama namba. Namba ya njano ni ya gari binafsi, nyeupe ni ya biashara. Staa akijipiga picha na gari la kifahari lenye namba nyeupe, una sababu nzuri ya kumuuliza kama amelikodi. Lakini njano haithibitishi kuwa ni lake. Linaweza kuwa la rafiki, la meneja au la mchumba. Na namba D au namba E inakueleza gari lilisajiliwa nchini kipindi gani, haikuelezi lilitengenezwa lini, kwa hiyo "jipya" si neno la kuandika kwa kutazama namba tu. Nyumba hivyo hivyo. "Mjengo wa Njiro" mara nyingi ni wa kupanga. Muone mwenyekiti wa mtaa, zungumza na majirani, na ukipata namba ya kiwanja na kitalu unaweza kulipia upekuzi kwa msajili wa hati. Kampuni anayodai ni yake itafute BRELA, wakala wa usajili wa biashara.

Halafu kuna kiki, yaani tukio la kutungwa ili msanii azungumzwe. Mameneja wengine watakuletea "siri" wenyewe: msanii wao yuko kwenye penzi zito na msanii mwingine. Tazama mambo matatu. Kuna wimbo unaotoka ndani ya wiki mbili tatu? Picha za "kuvizia" zina taa nzuri na nyuso zote zimeelekea kamera? Aliyekutonya anafaidika? Ukipata ndiyo tatu, bado unaweza kuandika, lakini andika kuwa wawili hao wanaonekana pamoja wakati wimbo wao unakaribia, na umuulize meneja swali hilo kwa jina lake. Wasomaji wa udaku si wajinga. Wanapenda kuoneshwa kiki kuliko kuuziwa.

Sasa simu kwa mhusika. Hii ndiyo hatua inayokimbiwa zaidi, kwa sababu inaogopesha na kwa sababu jibu laweza kuua stori. Piga mara tatu kwa saa tofauti: asubuhi kidogo, jioni, na kesho yake. Asipopokea, tuma meseji yenye madai kamili. Usiandike "naomba kuongea na wewe kuna jambo". Hiyo si nafasi ya kujibu. Andika hivi:

"Habari za jioni. Naitwa (jina), mwandishi wa gazeti (jina). Ninaandaa habari kuwa wewe na mwenzi wako hamuishi pamoja tangu mwezi uliopita na kwamba shauri lipo mahakamani. Naomba kauli yako kabla ya kesho saa 6 mchana. Nitaandika jibu lako kama utakavyolitoa."

Piga skrinishoti ya meseji na ya orodha ya simu ulizopiga. Andika daftarini tarehe, saa, namba, na neno kwa neno alichojibu, hata kama ni tusi. Ukirekodi, mwambie unarekodi. Akikanusha, kanusho lake linakwenda aya ya pili au ya tatu, si mstari wa mwisho. Akilia na kukuomba usiandike, msikilize, usimwahidi kitu palepale, kisha jiulize kama watu wana haki gani ya kulijua jambo hilo. Kuna stori za kuacha, na kuacha ni sehemu ya ufundi.

Zipo ambazo huachi kwa huruma tu, unaacha kwa sheria. Majibu ya vipimo vya VVU vya mtu yeyote: Sheria ya UKIMWI ya 2008 inalinda siri hiyo, na muuguzi wa Mount Meru au KCMC aliyekupa karatasi atakwenda na maji pamoja nawe. Mtoto, yaani aliye chini ya miaka 18, hasa akiwa na shauri: Sheria ya Mtoto ya 2009. Umri uuhakikishe kabla hujaandika. Kesi ya kifo cha mwigizaji Steven Kanumba mwaka 2012 ilibishaniwa kwa muda juu ya kama mshtakiwa alikuwa na miaka 17 au 18, na jibu la swali hilo ndilo linaloamua unaweza kuandika nini. Kumtaja mtu kuwa mchawi au kamroga mwenzake: Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, inalifanya kuwa kosa, ingawa "staa na mganga" ni vichwa vya habari vinavyouza. Picha za utupu usizipokee, usizihifadhi, usizirushe hata kwa mhariri; Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakuhusu hata kama hukuipiga wewe. Sheria hiyo hiyo, kifungu cha 16, iliweka faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3 kwa anayechapisha kwa kompyuta taarifa anayojua ni ya uongo kwa nia mbaya. Gazeti lako likiwa na ukurasa mtandaoni, nawe umo. Na fumanizi: usiingie chumbani. Kaa barabarani, piga picha ya kinachoonekana kutoka barabarani. Ukivuka mlango wa watu na kundi la wapambe, wewe si mwandishi tena, umeingia kwa jinai.

Kashfa yenyewe ipo kwenye Sheria ya Huduma za Habari ya 2016. Marekebisho ya 2023 yalipunguza makali ya upande wa jinai, lakini madai ya fidia yako palepale. Ukisema uliloandika ni kweli, wewe ndiye utakayetakiwa kuleta ushahidi. Maneno "inadaiwa" na "inasemekana" hayakukingi: kurudia uvumi ni kuuchapisha. Alama ya kuuliza kwenye kichwa cha habari haikukingi pia. "Fulani katoa mimba?" inasomwa kuwa katoa. Dai la kashfa laweza kufunguliwa ndani ya miaka 3, kwa hiyo daftari, rekodi na picha za asili zitunze si chini ya hapo, nakala mbili, moja nje ya simu. Simu zinaibwa, na zinaibwa hasa kwenye matamasha unakofanyia kazi. Sheria hiyo hiyo ya Huduma za Habari ndiyo iliyoweka Bodi ya Ithibati, inayotoa vitambulisho vya waandishi. Stashahada yako ina thamani hapo, fuatilia kitambulisho kabla hujaanza kazi, na ujiunge na klabu ya waandishi ya mkoa ili siku ukikamatwa kuwe na mtu wa kuuliza uko wapi.

Ona tofauti kwa sentensi. Hii itakupeleka mahakamani: "Staa huyo ametimuliwa na mumewe baada ya kunaswa na mchepuko." Hakuna aliyeona kutimuliwa, hakuna aliyeona kunasa. Hii inasimama: "Msanii huyo na mumewe hawaishi pamoja tangu mwezi uliopita, na shauri lao limesajiliwa mahakamani jijini Arusha. Akizungumza kwa simu juzi, msanii huyo alisema, 'Ni mambo ya familia, tunayamaliza.'" Ya pili si dhaifu. Ina tarehe, ina mahakama, ina sauti yake. Mwenye Instagram hana hata kimoja.

Kuhusu fedha nitakuwa wazi. Malipo ya kwa stori maana yake wiki ambayo umepiga simu thelathini na stori ikafa ni wiki ya njaa. Mwezi wa kwanza andika kila nauli ya bodaboda, kila bando, kila soda uliyonunua ili ukae kwenye kiti ukumbini. Kisha toa kwenye ulicholipwa. Wengi wanagundua wanalilipa gazeti. Omba nauli ya Moshi ilipwe kando hata stori isipotoka. Ndipo zinapoanza bahasha: ya kuandika na ya kuua stori. Ya kuandika itakufanya tarishi wa mameneja. Ya kuua ni hatari zaidi, kwa sababu ukimpigia mtu na kumwambia una habari yake na mnaweza "kuzungumza", hilo ni kosa la jinai na watu wanategeshewa polisi kwa noti zilizopigwa alama. Hata akikuambia yeye mwenyewe, "Nikupe ngapi uache?", jibu lako liwe meseji ya maandishi inayokataa, na mhariri apate nakala siku hiyo hiyo.

Usalama wako usiku: usikae ukumbini peke yako, kunywa kilichofunguliwa mbele yako, weka nauli ya kurudi mbali na pochi, na bodaboda wako awe mtu unayemjua. Meneja anayetaka mahojiano ya staa yafanyike chumbani saa 6 usiku, mwambie kesho saa 5 asubuhi kwenye mgahawa wa wazi. Ukitishiwa, hifadhi meseji, mwambie mhariri, nenda kituoni uchukue RB. Usijibizane mtandaoni. Mashabiki wa staa watakutukana siku tatu hivi, kisha watahamia kwa mwingine, lakini ulichojibu kwa hasira kitabaki.

Ukikosea, na utakosea, usisubiri wakili wake. Mpigie. Sahihisho litoke toleo linalofuata, mahali panapoonekana kama palipoonekana kosa, na lisirudie kashfa yenyewe. Mgogoro ukishindikana, Baraza la Habari, MCT, husuluhisha kabla watu hawajafika mahakamani.

La mwisho ni mkataba, na hili ulifanye kabla hujatuma hata stori moja. Uliza nani anaandika kichwa cha habari. Jibu litakuwa dawati la Dar. Sawa, lakini anayekutwa Kilombero na ndugu za staa ni wewe, si wao. Omba iandikwe kuwa utatumiwa kichwa cha habari na aya ya kwanza kabla ya kuchapwa, na kwamba una haki ya kuondoa jina lako kwenye stori iliyogeuzwa. Uliza nani anamlipa wakili stori ikishtakiwa. Uliza kama stori ikishatoka gazetini wataitumia pia mtandaoni, na kama utalipwa kwa hiyo. Uliza nini kinalipwa stori ikiuawa na mhariri baada ya wewe kuimaliza. Mhariri akikujibu manne hayo kwa maandishi, anza. Akikwambia "wewe tuma tu, tutaona huko mbele", Arusha na Moshi zina redio nyingi zenye vipindi vya burudani. Peleka barua huko kwanza, na umuoneshe mama nakala yake.